Wajumbe wa ndani ya tumbo: kwa nini kidonge cha kufunga kuhara hakiponyeshe kolera

Mutu akiingia kwenye farmasi ya kartiye na kusema "tumbo inanisumbua", mara nyingi anatoka na kimoja kati ya vitu vitatu: vidonge vya kufunga kuhara, vidonge vya kutuliza maumivu ya kukatakata, ao pakiti ya serumu ya kunywa. Vyote vinakaa kwenye etajere moja, na wengi wanadhani kazi yao ni moja. Hapana. Kimoja kinanyamazisha mishipa ya fahamu ya matumbo. Kingine kinafunga mulango ambamo ujumbe wa mishipa hiyo unaingilia. Cha tatu hakigusi mishipa hata kidogo, na ndicho kinachookoa watu wengi zaidi.

Ili kuelewa tofauti hiyo, lazima kwanza tujue jambo moja ambalo wengi wetu hatukuelezwa vizuri shuleni. Tumbo linaendeshwa na ujumbe. Si ujumbe wa maneno wala wa umeme peke yake, ni ujumbe wa kemikali: mushipa mumoja wa fahamu unamwaga tone dogo sana la kitu fulani, na mushipa wa pili ao musuli ulio karibu unakipokea na kufanya kazi. Vitu hivyo tutaviita hapa wajumbe. Majina yao ni magumu kidogo, lakini ni machache, na muzazi akiyashika ataona namna gani yanahusika na kolera, na dawa tunazopompa kwenye nyanya na kabeji, na hata mutoto muchanga asiyepata choo.

Kazi zisizongoja amri yetu

Ukitaka kuinua mukono, unainua. Lakini hakuna anayeamua moyo wake upige mara ngapi, mate yatoke lini, ao ugali uliolala tumboni usukumwe kwenda wapi. Kazi hizo zinaongozwa na mufumo wa fahamu unaojiendesha wenyewe. Mutafiti Mwingereza John Newport Langley, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliupatia jina hilo mwaka 1898, na kisha akaugawa mafungu matatu: simpatiki, parasimpatiki, na ule wa matumbo.

Simpatiki ni upande wa hatari. Mulio wa risasi ukisikika, moyo unakimbia, mboni za macho zinafunguka, mate yanakauka, na damu inapungua tumboni ili iende kwenye misuli ya miguu. Mujumbe wa upande huo anaitwa noradrenalini, na tezi ndogo zilizokaa juu ya figo zinaongeza ndugu yake, adrenalini, ndani ya damu. Parasimpatiki ni upande wa utulivu. Mutu amekula, ameketi, hakuna anayemufukuza: mate yanatoka, tumbo linasaga, moyo unapiga polepole. Mujumbe wake ni asetilikolini. Barabara yake kubwa ni mushipa wa vagus, unaotoka kwenye bongo, kupita shingoni na kifuani, mupaka kushuka tumboni.

Hapa kuna jambo ambalo wakaaji wa mikoa yetu wanalijua bila kusoma kitabu. Risasi zikianza kulia, kuna mutu anayekimbilia choo. Kisha wenzake wanamucheka: "Ule ni muoga." Si uoga. Wakati wa hofu kali, bongo inatuma amri mbili zinazopishana: tumbo la juu lisimame, na utumbo mupana umwage haraka kilichomo. Hata askari wa zamani inawafikia. Mutu anayeishi miezi na miezi ndani ya hofu anaweza kubaki na tumbo linalosumbua bila kidudu chochote ndani yake, na muuguzi anayemwambia "huna kitu" baada ya kupima choo anasema nusu tu ya ukweli.

Vyura wawili na maji ya chumvi

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi walibishana sana. Kundi moja lilisema mishipa inapitisha umeme tu, kama waya wa snel. Kundi la pili lilishuku kwamba fasi mushipa unapoishia kuna kemikali inayomwagika. Hakuna aliyeweza kuonyesha.

Mwaka 1921, katika muji wa Graz, Austria, profesa Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura. Moyo wa chura ukitolewa kifuani na kuwekwa ndani ya maji ya chumvi unaendelea kupiga. Wa kwanza aliuacha na mushipa wake wa vagus. Wa pili hakuuachia kitu. Aliuchokoza mushipa wa moyo wa kwanza kwa umeme, na moyo ukaanza kupiga polepole. Kisha akachota yale maji yaliyouzunguka na kuyaweka kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna mushipa uliouguswa. Maana yake, kitu kilikuwa kimemwagika ndani ya maji.

Loewi mwenyewe alisimulia kwamba wazo hilo lilimujia usingizini, akaandika neno kwenye karatasi usiku, na asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku wa pili lilirudi, na safari hiyo hakungoja: aliamuka akaenda moja kwa moja kwenye maabara. Kitu kile kilichomwagika kilikuja kujulikana kuwa asetilikolini, ambayo Mwingereza Henry Dale alikuwa ameichunguza tangu 1914. Wawili hao waligawana tuzo ya Nobel mwaka 1936. Miaka miwili tu baadaye Wanazi waliingia Austria. Loewi alikuwa Muyahudi. Walimufunga, wakamulazimisha kuhamishia pesa za tuzo kwenye benki waliyoisimamia wao, ndipo wakamuacha atoke. Alipitia Bruxelles na Uingereza, akamalizia maisha yake Marekani. Noradrenalini ilipata nafasi yake mwaka 1946, kwa kazi ya Ulf von Euler wa Sweden.

Kwa mugonjwa, faida ya habari hii ni kubwa. Kama ujumbe ungekuwa umeme mutupu, ingekuwa vigumu zaidi kidonge kuugusa. Lakini mujumbe wa kemikali anatengenezwa, anamwagwa, anavuka nafasi ndogo sana, anaingia kwenye kipokezi chake kama ufunguo ndani ya kufuli, kisha anaondolewa ili kazi isimame. Kila moja ya hatua hizo ni fasi ambapo dawa inaweza kuingilia. Sumu vilevile.

Tumbo lina bongo yake

Mwaka 1899, William Bayliss na Ernest Starling, huko London, walikata mishipa yote inayounganisha utumbo wa mbwa na bongo. Mutu angetazamia utumbo usimame. Haukusimama. Walipoufinya kwa ndani, ulikaza upande wa nyuma ya kile kitu na kulegea upande wa mbele, hivi kwamba chakula kingeendelea kusukumwa. Kumbe utumbo unajiendesha.

Ndani ya ukuta wa utumbo, kuanzia umio hadi mwisho, kuna nyavu mbili za mishipa ya fahamu. Mumoja umelala katikati ya tabaka za misuli na kuongoza mwendo. Wa pili uko karibu na ngozi ya ndani na kuongoza maji yanayoingia na kutoka. Kwa jumla kuna seli za fahamu zaidi ya milioni 100, na wajumbe wanaotumika humo ni zaidi ya 20. Hatutawataja wote. Wanne wanatosha.

Asetilikolini inakaza musuli. Nitriki oksidi, ambayo ni gesi, inalegeza. VIP, protini ndogo ambayo hata waganga wanaiita kwa herufi tatu tu, inaamuru utumbo utoe maji na kulegeza misuli. Wa nne ni serotonini. Wengi wanaposikia serotonini wanafikiri furaha na huzuni, mambo ya kichwa, lakini zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za serotonini ya mwili zinatengenezwa tumboni, na seli zinazotandika utumbo kwa ndani. Seli hizo ni kama walinzi. Chakula kikizisukuma ao sumu ikizigusa, zinamwaga serotonini na kuamusha mishipa ya fahamu. Ikizidi, habari inapanda kwa vagus mupaka kwenye bongo, na mutu anatapika kabla hajajua alichokula ni kibaya. Dawa inayoitwa ondansetron, inayopewa wagonjwa wa kansa ili wasitapike, inafanya kazi kwa kufunga kipokezi kimoja cha serotonini.

Wajumbe hawa wanahitajiana. Musuli ukikazwa bila mwingine kulegezwa mbele yake, kitu hakipiti. Hii inaonekana wazi katika ugonjwa uliopewa jina la daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza katika miaka ya 1880. Mutoto anazaliwa bila seli za fahamu kwenye kipande cha mwisho cha utumbo. Hakuna wa kumwaga nitriki oksidi, basi kipande hicho kinabaki kimekaza siku zote, kama mupira wa maji uliofinywa, na nyuma yake tumbo linavimba. Unapata karibu mutoto 1 kati ya 5,000.

Wamama na wakunga, hapa sikilizeni vizuri: karibu watoto wote waliozaliwa kwa wakati wao wanatoa choo cheusi cha kwanza ndani ya saa 24. Mutoto aliyepita saa 48 bila kukitoa, tena tumbo linavimba na anatapika matapiko ya rangi ya majani, si wa kupewa dawa ya majani kwa njia ya nyuma. Ni wa kupelekwa kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, siku hiyohiyo. Upasuaji upo, na watoto wanapona.

Kolera inavyoiba ujumbe

Kolera haituachi. Kando ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, kutoka Goma hadi Uvira na Kalemie, inarudi karibu kila mwaka. Mwezi wa Julai 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma, kolera na kisha kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu ndani ya majuma machache.

Kidudu chake hakitoboi utumbo. Kinakaa juu ya ngozi ya ndani na kumwaga sumu. Sumu hiyo inaingia ndani ya seli na kuzuia swichi yake isizimike, na seli inaanza kutoa chumvi bila kusimama. Chumvi ikitoka, maji yanaifuata. Hayo waganga waliyajua zamani. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, watafiti wa Göteborg, Sweden, walionyesha kwa wanyama kwamba kuna mukono wa pili. Sumu ya kolera inawachokoza pia wale walinzi, nao wanamwaga serotonini, mishipa ya fahamu inaamuka, na VIP inamwagwa kwa wingi. Ujumbe wa "toeni maji" unasambaa mupaka kwenye sehemu za utumbo ambazo sumu haikuzigusa. Mutu mukubwa anaweza kupoteza hadi litre moja kwa saa. Choo kinakuwa kama maji ya kuoshea muchele, macho yanazama, ngozi ya tumbo ukiivuta inakawia kurudi, na asiposaidiwa anaweza kufa ndani ya saa chache.

Sasa turudi kwenye farmasi. Kidonge cha kufunga kuhara, ambacho wengi wanakiita Imodium hata kama kimeandikwa jina lingine, ni loperamide. Ilitengenezwa Ubelgiji katika maabara za Janssen, mwisho wa miaka ya 1960. Ni ndugu wa morfini, isipokuwa kwa kipimo cha kawaida haipandi kwenye bongo. Inakaa kwenye vipokezi vya mishipa ya utumbo na kuzuia asetilikolini isimwagwe. Musuli haukazi, utumbo unalala. (Ndiyo sababu wanaomeza tramadol kila siku, kama vijana wengine wa kazi ngumu, wanalalamika kwamba choo kimegoma. Ni mulango uleule.)

Tazama kosa lilipo. Katika kolera, hatari haiko kwenye mwendo wa utumbo. Iko kwenye maji yanayotoka ndani ya damu. Loperamide inasimamisha mwendo, lakini maji yanaendelea kumwagika ndani ya utumbo na kukusanyika humo. Mama anaangalia: mutoto hachafui tena nguo. Anashukuru Mungu. Kumbe maji yametoka kwenye damu vilevile, tofauti ni kwamba sasa hatuyaoni, na kidudu kimefungiwa ndani. Kwa mutoto mudogo kuna hatari nyingine: utumbo unaweza kulala kabisa, tumbo likavimba kama ngoma. Nchini Pakistan, watoto wachanga walikufa kwa njia hiyo baada ya kupewa loperamide ya matone, na mwaka 1990 watengenezaji waliyaondoa matone hayo sokoni huko. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema wazi kwamba dawa za kufunga kuhara hazipewi watoto. Na mutu mukubwa mwenye choo cha damu ao homa, ao mwenye kushukiwa kolera, naye asiimeze.

Serumu ya kunywa ina sifa mbaya kwa wamama wengi, na malalamiko yao tunayaelewa: "Nilimupa serumu, lakini kuhara haikusimama." Ni kweli, haisimamishi. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Sumu ya kolera imefungua mulango wa kutoa chumvi, lakini imesahau kufunga mulango mwingine. Mwaka 1960, huko Prague, Robert Crane alieleza kwamba kwenye ngozi ya utumbo kuna mulango ambapo sukari na chumvi vinaingia pamoja, wawili wakishikana mikono, na maji yanawafuata. Kolera haiugusi mulango huo. Ukimupa mugonjwa chumvi peke yake haiingii vizuri. Ukimupa sukari nyingi peke yake inavuta maji na kuzidisha kuhara. Ukichanganya viwili kwa kipimo, maji yanaingia hata wakati mengine yanatoka. Mwaka 1971, daktari Dilip Mahalanabis alitumia muchanganyiko huo katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India, alipoishiwa na serumu za mushipani. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa mia hadi chini ya 4 kwa mia.

Kwa hiyo, nyumbani: pakiti moja ndani ya litre moja ya maji safi, yaliyochemushwa na kupoa. Si nusu litre ili "iwe na nguvu". Ikikosekana pakiti, litre moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kukosea chumvi kwenda juu ni hatari kwa mutoto, basi pima polepole na onja: isizidi chumvi ya machozi. Mutoto wa chini ya miaka miwili anapewa robo hadi nusu kikombe kila baada ya choo, mukubwa zaidi nusu kikombe hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea kwa kijiko. Maziwa ya mama hayasimamishwi. Iliyobaki baada ya saa 24 inamwagwa. Zinki inafaa kwa watoto: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na 10 kwa wa chini ya miezi sita. Na mugonjwa wa kolera hatunzwi nyumbani akapona kwa bahati. Serumu inamushikilia njiani wakati anapelekwa CTC ao kituo cha afya. Aliyelegea, asiyeweza kunywa, anahitaji serumu ya mushipani.

Dawa ya maumivu ya kukatakata

Buscopan, ao butylscopolamine, inafanya kazi nyingine. Inakaa kwenye kipokezi cha asetilikolini, kama mutu aliyevunja kijiti ndani ya kufuli: ufunguo hauingii. Musuli uliokaza unalegea, maumivu yanapungua. Ni dawa nzuri kwa kazi yake. Lakini asetilikolini haiko tumboni tu, basi kinywa kinaweza kukauka, macho yakaona ukungu, moyo ukakimbia. Muzee mwenye shida ya prostate anaweza kufungwa mukojo kabisa. Mwenye glokoma asiimeze bila kuuliza munganga. Na maumivu makali yanayohamia upande wa kulia chini, na homa, hayatulizwi kwa kidonge, yanapelekwa hospitali.

Mujumbe asiyevunjwa

Tulisema mujumbe anaondolewa kazi ikiisha. Asetilikolini ina chombo chake maalumu cha kuivunja, enzimu inayofanya kazi haraka ajabu. Dawa nyingi za kuua wadudu zinazouzwa kwenye masoko yetu, zile za jamii ya organofosforo kama chlorpyrifos, profenofos na dichlorvos, zinaua mududu kwa kuharibu enzimu hiyo. Mutu anayo ileile.

Mukulima anayepompa nyanya bila kufunika mikono na kinywa, upepo ukimurudishia, anaanza kuumwa kichwa na kutoka jasho. Mutoto anayekunywa kutoka kwenye chupa ya limonade ambamo mutu alimimina dawa, huyo anaingia kwenye hatari ya kifo mara moja. Asetilikolini inajaa kila fasi na haivunjwi: mate yanatiririka, machozi, jasho, mukojo na choo vinatoka bila amri, anatapika, tumbo linakatakata, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli inarukaruka, na kifua kinajaa maji. Mara nyingi kifua ndicho kinachoua.

Wengi wakiona mutu anatapika na kuhara ghafla wanasema karuho, na wanaanza kutafuta adui ndani ya familia. Wakati huo saa zinapita. Angalieni kwanza mikono yake, nguo zake, shamba alikotoka, chupa iliyo karibu.

La kufanya: vueni nguo zilizolowa, mukivaa sashe ao gans mikononi, osheni ngozi na nywele kwa maji mengi na sabuni. Musimutapishe. Musimupe maziwa wala mawese; hayavunji sumu, na mafuta yanaweza kuisaidia kuingia, tena mutu aliyelegea anayavuta kwenye mapafu. Mulazeni upande, mukimbize hospitali. Dawa iko na si ya bei ya ajabu: atropini, inayofunga vipokezi vya asetilikolini, ndugu mukubwa wa ile Buscopan. Inatolewa kwa sindano, na kurudiwa, wakati mwingine mara nyingi sana, mupaka kifua kikauke. Kituo cha afya cha mashamba ya mboga kisichokuwa na atropini kwenye kabati kinakosa kitu cha lazima, na kamati za afya za vijiji zina haki ya kuiuliza.

Atropini ikizidi, mambo yanageuka kinyume, na kuna mumea unaofanya hivyo bila sindano. Datura, yenye tunda la miiba linaloota kwenye majalala, pamoja na ndugu yake mwenye maua makubwa ya kuinama kama kengele anayepandwa kwenye uzio wa nyumba, vina kemikali za jamii ya atropini. Mutoto aliyekula mbegu zake anakauka kinywa, ngozi inakuwa nyekundu na moto, moyo unakimbia, anasema maneno yasiyoeleweka na kushika vitu visivyopo. Familia nyingine zinampeleka kwanza kuombewa. Naye ni wa hospitali.

Muuguzi aliyepokea mugonjwa asiyeweza kujieleza anaanza na tochi kwenye macho: mboni ndogo sana na mate mengi vinamuelekeza kwenye dawa ya wadudu, mboni kubwa na kinywa kikavu vinamuelekeza kwenye datura. Mutamusaidia zaidi mukileta pamoja na mugonjwa ile chupa, karatasi yake, ao tawi la ule mumea, ndani ya sashe iliyofungwa.